Sura ya Saba: Rangi Tatu

Giza likianza kuingia Temeke, maduka ya dawa huwasha maandishi yao. Unayaona ungali ndani ya daladala: herufi nyekundu zinatembea juu ya mlango kutoka kulia kwenda kushoto, DAWA, kisha VIPIMO, kisha KARIBU, halafu zinaanza tena. Saluni zina mabango hayo, mawakala wa pesa wanayo, na mama lishe ambaye biashara imemkubali naye amening'iniza lake juu ya jiko. Mafundi huyaita mabango ya LED, na kipande kimoja cha bango wanakijua kwa jina la P10.

Kipande cha P10 kina taa 512. Zimepangwa safu 32 za kusimama na mistari 16 ya kulala, na kutoka taa moja hadi jirani yake ni milimita 10, ndiko jina lilikotoka. Taa ama inawaka ama imezima. Haina nusu, haina kivuli, haina kona ya mviringo. Anayetaka kuandika DAWA kwa taa hizo lazima aamue, taa baada ya taa, ipi iwake na ipi ilale. Aliyefanya uamuzi huo, hata kama ni mhandisi wa nchi ya mbali aliyeziweka herufi ndani ya programu, alichora mchoro wa pikseli. Naamini hakuna mchoro mwingine wa aina hiyo unaotazamwa na watu wengi jijini kila usiku kama huo.

Nimeanzia kwenye duka la dawa kwa makusudi. Ukitaja mchoro wa pikseli mbele ya dizaina kijana wa Sinza au Tandika, mawazo yake huruka hadi Japani: uyoga mwekundu wenye madoa, mzee mwenye masharubu anayeruka matofali, mzimu wa Pac-Man. Simlaumu. Mtindo huo wa kizamani umerudi duniani kwa kishindo. Undertale ilitoka mwaka 2015, Stardew Valley mwaka 2016, na zote mbili zimechorwa kwa miraba inayohesabika kwa macho, wakati ambapo kompyuta zilikwisha kuwa na uwezo wa kuonyesha jani la mti pamoja na mishipa yake. Stardew Valley ni kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, aliyeandika programu, akachora na kutunga muziki wake mwenyewe kwa zaidi ya miaka minne. Kwa kijana asiye na studio, hiyo ni habari kubwa. Mchoro wa pikseli hauhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji jicho, subira na miraba.

Swali ninalotaka tulijibu kabla hujafungua programu yoyote ni hili: zamani unayoichora ni ya nani?

Tazama miaka. Famicom, mashine ya Nintendo iliyoingiza michoro ya miraba majumbani, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983, na Super Mario Bros. ikafuata mwaka 1985. Mtoto wa Osaka au Chicago aliyekua wakati huo anapoiona leo miraba ile, anaona sebule ya wazazi wake. Mtoto wa Magomeni mwaka 1985, kwa kawaida, hakuwa na hata televisheni ya kuichomekea. Tanzania Bara ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni tangu mwaka 1974, na kituo cha ITV kilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Ng'ambo ya mkondo, Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom zilifika baadaye, na wapo waliokua nazo. Sitaki kuwapokonya utoto wao. Ila kwa wakazi walio wengi wa vitongoji hivi, mraba wa kwanza kuupenda haukuwa kwenye televisheni.

Ulikuwa kwenye simu.

Vodacom ilianza kazi nchini mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na katika miaka hiyohiyo Nokia 3310 ikawa mikononi mwa watu. Kioo chake kilikuwa na safu 84 na mistari 48. Zidisha: nukta 4,032, nyeusi juu ya mwanga wa kijani, basi. Ndani ya nukta hizo kulikuwa na bahasha ya ujumbe, betri, mnara wa mtandao, na nyoka. Mchezo wa nyoka uliandikwa na Mfini mmoja, Taneli Armanto, kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, na nadhani hapa kwetu umechezwa kwenye foleni za hospitali, kwenye mabenchi ya kijiweni na chini ya dawati kuliko mchezo wowote wa kioo. Kulikuwa pia na picha za ujumbe, zile ulizoweza kumtumia mtu kwa SMS: safu 72, mistari 28. Ua, moyo, keki ya siku ya kuzaliwa. Kuna ndoa Mwananyamala zilizoanza kwa nukta 2,016.

Na kitochi, simu ya batani yenye tochi kichwani, bado kinauzwa. Hiyo ndiyo tofauti yetu na wenzetu wa mbali. Kwao mraba ni kumbukumbu ya kitu kilichokufa, kinachotafutwa kwenye minada na makumbusho. Kwetu unaning'inia juu ya duka la dawa na kulia mfukoni mwa bibi. Dizaina wa Dar anayechora uyoga wa Mario kwenye fulana anakopa utoto wa mtu mwingine, na wa kwake anao hapo hapo, haujaguswa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na nianze na jina la mahali. Kwenye Barabara ya Kilwa, kusini mwa Temeke, kuna Mbagala Rangi Tatu. Kila nikipita pale nakumbuka sheria ya Famicom: umbo moja dogo linalotembea kwenye kioo liliruhusiwa rangi tatu tu, na nafasi ya nne ilikuwa uwazi, yaani pale ambapo mandhari ya nyuma hupenya. Rangi tatu kwa mtu mzima mwenye kofia, uso, nguo na viatu. Mario mwenyewe alizaliwa ndani ya ubahili kama huo kwenye Donkey Kong ya mwaka 1981. Shigeru Miyamoto alimpa masharubu kwa kuwa mdomo haukuwa na nafasi ya kuonekana, na akamvika kofia ili asihangaike kuchora nywele. Leo masharubu yale ni alama inayojulikana dunia nzima, na yalianza kama njia ya kuokoa miraba michache.

Ubahili wa rangi si mgeni hapa. Muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi kiwandani, iwe Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, iwe Karibu Textile Mills kule Mbagala. Kwenye uchapaji wa kitambaa kila rangi hudai chapa yake, na kila chapa ni gharama. Ndiyo maana khanga nzuri mara nyingi ina rangi chache zinazofanya kazi kubwa: nyeusi ya kubeba pindo, nyekundu au njano ya kujaza mji, na nyeupe ya kitambaa chenyewe, ambayo haigharimu wino. Nyeupe ile ndiyo ule uwazi wa Famicom. Mchoraji wa khanga huihesabu kama rangi, na anayechora pikseli inabidi aihesabu vivyo hivyo.

Upande wa Kinondoni kuna mwalimu mwingine. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja mjini kutafuta riziki, alianza kuchora juu ya vibao vya dari vya mraba kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli, na kazi zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alikufa mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka minne hivi, na wanafunzi wake wakaendelea hadi leo. Angalia chui wa Tingatinga kwa jicho la mtu wa pikseli. Mandharinyuma ni rangi moja. Mwili ni rangi moja. Kivuli hakuna. Mnyama anaonekana kwa ukingo wake na madoa yake, na madoa yamepangwa kwa mkono usiokimbia. Rangi ya baiskeli hukauka ikiwa ngumu na yenye kung'aa, haikubali kulainishwa polepole kutoka mwanga kwenda giza, kwa hiyo mchoraji aliacha kulainisha na akatia nguvu zake zote kwenye umbo. Ukimpunguza chui yule hadi miraba 32 kwa 32 bado utamjua. Jaribu kumpunguza simba wa picha ya kamera uone: anageuka tope.

Basi hilo ndilo jaribio langu la kwanza kwa mwanafunzi yeyote. Kabla hujaweka mraba hata mmoja, jaza umbo lako lote kwa rangi nyeusi. Je, mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara atalitambua? Bajaji inatambulika kwa paa lake na tairi moja la mbele. Jogoo anatambulika kwa mkia. Kama umbo jeusi halisemi, rangi haitalisaidia.

Wapo waliolijua jambo hili kabla ya kompyuta kufika, na wengi wao ni wanawake. Ingia sebule ya kawaida Kijitonyama au Keko utazame kitambaa cha kufuma kilichofunika kochi au televisheni. Kile cha kroshia chenye ndege wawili wanaotazamana kimejengwa kwa vyumba: chumba kilichojazwa uzi na chumba kilichoachwa wazi. Ndege ni vyumba vilivyojazwa, anga ni vyumba vitupu. Mama aliyekifuma alihesabu vyumba kumi vya kifua na vitatu vya shingo, akaenda mstari kwa mstari kutoka chini hadi juu, na alipokosea alifumua. Huo ni mchoro wa pikseli wa rangi moja, na ufundi wake haukupungukiwa na kitu.

Sisemi hivyo kwa kuwafurahisha kina mama. Susan Kare, Mmarekani aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka Januari 1984, alianza kwa kupaka rangi miraba ya karatasi ya grafu, 32 kwa 32, kila mraba ukiwa nukta moja ya kioo. Hakutokea kwenye uhandisi. Alitokea kwenye sanaa, na amewahi kueleza kwamba kazi ile aliiona ni ya ukoo mmoja na mozaiki na udarizi. Mjapani Shigetaka Kurita alichora emoji 176 za kampuni ya simu ya DoCoMo mwaka 1999, kila moja ndani ya nukta 12 kwa 12, na mwaka 2016 jumba la sanaa la MoMA la New York lilizichukua na kuzihifadhi. Nukta 144 kwa kila picha. Kitambaa cha kochi kina vyumba vingi zaidi ya hivyo, nacho hakijapewa jumba.

Mfano mmoja sasa, tuufanye pamoja hadi mwisho, kwa kipande kimoja cha P10. Mama mmoja ana supu ya asubuhi Mwembe Yanga na anataka bango.

Herufi ya kawaida kwenye mabango haya ina safu 5 na mistari 7, na kati ya herufi mbili huachwa safu moja tupu. Neno SUPU lina herufi nne: safu 20 za herufi, safu 3 za nafasi, jumla 23. Kipande kina safu 32. Zinabaki 9. Acha moja iwe tupu, umebakiwa na 8. Na nafasi ya 8 kwa 8 ndiyo kigae cha msingi cha ufundi huu; Famicom ilijenga picha zake zote kwa vigae vya ukubwa huo. Kwa maneno mengine, baada ya kuandika SUPU, bango limekuachia nafasi kamili ya picha moja. Watu wengi huipoteza.

Tuchore bakuli. Anza chini, kama mfumaji. Mstari wa 8, washa taa nne za katikati: kitako. Mstari wa 7 na wa 6, taa sita kila mmoja: tumbo. Mstari wa 5, taa zote nane: ukingo. Mstari wa 4 uache gizani wote. Juu yake kuna mvuke: mstari wa 3, taa ya 3 na ya 6, mstari wa 2, taa ya 2 na ya 5, mstari wa 1, tena ya 3 na ya 6. Umewasha taa 30 kati ya 64.

Ule mstari wa 4 usio na kitu ndio uliobeba picha nzima. Ukiuwasha, mvuke unashikana na ukingo na mteja anaona ua limeota kwenye chungu. Ukiuacha, jicho linaelewa papo hapo kwamba kinachoelea juu ni moshi wa kitu cha moto. Wanafunzi hupenda kujaza. Kazi kubwa ya mwalimu wa pikseli ni kuwazoesha kuacha.

Kisha picha ya pili. Bakuli lisiguswe. Kwenye mvuke, palipokuwa na 3 na 6 weka 2 na 5, palipokuwa na 2 na 5 weka 3 na 6. Zipishanishe picha hizo mbili, mara mbili kwa sekunde. Mvuke unapanda, supu ni ya moto, na umetumia picha mbili tu. Saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado halijaondoka, abiria anayekimbilia Kariakoo atauona mvuke ule kabla hajasoma neno.

Kama huna kompyuta wala bango la kujaribia, tumia bao. Ubao wa bao la Kiswahili una mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, na kete zake ni 64. Azima ubao wa pili uuweke juu ya wa kwanza: una mashimo 64, nane kwa nane, na kete za ubao mmoja zinatosha kuyajaza yote. Weka kete moja kwenye kila shimo linalotakiwa kuwaka. Rudi nyuma hatua kumi, tazama. Hamisha kete moja, tazama tena. Nimewafundisha hivyo vijana wa umri wa shule ya msingi na wakaelewa kwa muda mfupi kuliko kwenye kioo, kwa sababu kete ina uzito na mkono unajua umeamua jambo.

Picha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni herufi, na hapa nina dukuduku la muda mrefu. Herufi tunazokuta ndani ya mabango na programu zilitengenezwa kwa lugha nyingine. Kiswahili kina mahitaji yake, na la kwanza ni M na W. Hesabu maneno ya barabara moja tu: mwalimu, wakala, mwenge, mwisho, wamiliki, mawasiliano. M na W ndizo herufi nene kuliko zote. Ndani ya safu 3 haziwezekani, zinageuka madoa, na hata ndani ya 4 M inakuwa imevimba upande mmoja. Zinahitaji 5. Herufi nyingine nyingi hazihitaji. E inakaa vizuri kwenye 4, vivyo hivyo N, G, A, K na D. Na I inahitaji safu moja tu.

Sasa andika MWENGE kwa herufi za safu 5 zilizokuja na mashine: 30 za herufi, 5 za nafasi, jumla 35. Halitoshi kwenye kipande kimoja. Ndiyo sababu jina hilo hulazimika kutembea, na mgeni lazima asimame akilisubiri limalizike. Lichore upya wewe mwenyewe: M na W zipe 5 kila moja, zilizobaki nne zipe 4. Herufi 26, nafasi 5, jumla 31. Jina zima limetulia, linasomeka kwa kutupa jicho, na safu moja imebaki. MBAGALA ni gumu zaidi: hata ukiibana hivyo linafika 35, kwa hiyo M ibaki na 5 na herufi sita zilizobaki zishuke hadi 3, upate 29. G ya safu 3 ni mtihani; itabidi uitofautishe na C kwa taa moja ya ndani. Fanya hivyo. Taa moja ikikaa mahali pake, jina la mtaa wa watu linasomeka sawasawa.

Mtu atasema hizi ni hesabu ndogo mno kuandikiwa sura ya kitabu. Mimi naona ni heshima. Jina la mahali kukatwakatwa na kutembezwa kwa sababu herufi hazikutengenezwa kwa ajili ya lugha yake ni jambo linalotakiwa kurekebishwa, na anayeweza kulirekebisha ni dizaina wa hapa mwenye jioni moja ya nafasi.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Piskel na LibreSprite ni za bure. Aseprite inalipiwa na wataalamu wengi huitumia. Kwenye simu janja kuna Pixel Studio, na kwa kazi ya miraba 32 inatosha kabisa. Anza na 16 kwa 16 na rangi nne. Usipande hadi 32 mpaka 16 ikushinde kweli. Mistari ya mshazari ndiyo itakayokusumbua: ngazi zake ziende kwa mpangilio, mbili-mbili-mbili au tatu-mbili-moja, zisirukeruke. Ukitaka rangi ya katikati ambayo huna, pishanisha miraba ya rangi mbili kama ubao wa drafti, na macho ya mtazamaji aliye mbali yatazichanganya yenyewe.

Kinachoharibu kazi nyingi hutokea baada ya kuchora. Umemaliza mchoro wa 32 kwa 32, ni mdogo kama ukucha. Mteja anataka aupate WhatsApp. Ukiukuza ovyo, programu itajaza kingo kwa rangi za kubahatisha na miraba itaota ukungu. Ukuze kwa namba kamili, mara 10 au mara 30, ukichagua njia isiyolainisha. Mara 30 inakupa 960 kwa 960. Uhifadhi kama PNG. Kisha utume kama dokumenti, usiutume kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha ili isile bando, na kubana huko huchafua kingo zote ulizozipangilia. Mteja akiuona mchoro ukiwa na ukungu hatasema mtandao umeubana. Atasema fundi hajui kazi.

Kwenye fulana hesabu ni nyepesi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiupa kila mraba milimita 6, miraba 32 inachukua 192, na pembeni inabaki nafasi ya kupumua. Miraba ya ukubwa huo inaonekana ni miraba hata mvaaji akiwa mwendoni. Ukiifanya ya milimita 2, mtu ataona picha mbovu na hatajua kwamba umekusudia.

Stika zina mtego wake, nami niliulipia. Nilimchora kunguru wa Dar, yule mweusi wa shingo ya kijivu, kwa ajili ya stika za kubandika kwenye vioo vya bajaji. Miguu yake niliichora kwa miraba inayogusana kona kwa kona, mshazari, na kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Nikaagiza stika 50. Mashine ya kukata ilifuata kila mraba kwa uaminifu, na tulipoanza kubandua, miguu yote ilibaki kwenye karatasi. Kona kwa kona hakuna kiungo. Hapana hata uzi wa plastiki unaoshikilia. Tangu siku hiyo, kazi ya kukatwa naichora kwa miraba inayogusana ubavu kwa ubavu, na palipo na mshazari naongeza mraba mmoja wa kuunga. Mfumaji wa kroshia angeniambia hilo mapema kama ningemwuliza, maana kwake chumba kisichoshikana na jirani hufumuka.

Kuna mambo mengi ya hapa ambayo hayajachorwa. Daladala na mistari yake ya rangi ubavuni inayoonyesha njia. Muuza kahawa na birika lake. Meza ya drafti chini ya mwarobaini, kivuko cha Kigamboni, ndoo za maji zilizopanga foleni, feni ya dari, mkungu wa ndizi begani. Yote hayo yanaingia kwenye 16 kwa 16, mengine kwenye 8 kwa 8. Sijaona sababu yoyote ya kijana wa Yombo kumchora tena mzee wa matofali.

Kwa hiyo nina ombi kwako unayesoma. Tafuta daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo. Hesabu safu 32, piga mstari. Andika TANDIKA: T safu 5, A nne, N nne, D nne, I moja, K nne, A nne, na safu moja tupu kati ya kila herufi mbili. Itajaa safu zote 32, bila kupungua na bila kuzidi. Ukimaliza, chukua jina la mtaa wako.